Shukrani Iliyotushinda Kutoa

Mtoto wetu wa pili alitamani kurusha ndege tangu akiwa darasa la nne. Tuliuza kipande cha shamba, tukakopa chamani, naye akaanza mafunzo ya urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Kila asubuhi ya kuruka alitutumia ujumbe wa neno moja: "Niombeeni." Nasi tuliomba.

Siku ya ajali walikuwa juu ya uwanda wa Kajiado, yeye kiti cha kushoto na mwalimu wake kiti cha kulia, kama ilivyo desturi ya mafunzo. Injini iliponyamaza, mtoto wetu hakushtuka. Walimu wa urubani hushusha nguvu za injini makusudi ili waone mwanafunzi atafanya nini, naye alidhani anajaribiwa. Ndege ndogo ikizimika injini haianguki kama jiwe. Ikishikiliwa katika mwendo ufaao huteleza hewani, na kutoka futi 1,000 juu ya ardhi yaweza kufika kilomita mbili na zaidi. Akaanza kutafuta mahali pa kutua kama alivyofundishwa. Ndipo mwalimu akasema, "Hili si zoezi. Nashika mimi."

Walitua kwenye nyasi, lakini gurudumu liliingia korongoni na ndege ikapinduka. Mtoto wetu alivunjika mtulinga. Mwalimu alifariki hospitalini siku mbili baadaye.

Kanisani walitukumbatia wakisema Mungu ametuona. Tukashauriwa tuandae ibada ya shukrani, na mbuzi akanunuliwa. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo hatukupata usingizi. Mmoja wetu akauliza gizani, "Na mke wa mwalimu, yeye hakuomba asubuhi ile?" Tulijua jibu, kwa kuwa nyumba ile ni ya waombaji. Kama ni maombi yetu yaliyomwokoa mtoto wetu, basi ya mama yule yalikuwa na kasoro gani?

Tulifungua Injili ya Luka, sura ya 13. Watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu wakafa, na Bwana Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Habari hiyo tulikuwa tumeisoma miaka mingi tukiwafikiria waliokufa. Usiku ule tuliwafikiria waliobaki. Kama waliokufa hawakuwa wabaya zaidi, basi waliobaki nao hawakuwa wema zaidi. Na sisi tulikuwa miongoni mwa waliobaki.

Asubuhi tulimwomba mchungaji aahirishe ibada. Tukaenda kwa mjane, mtoto wetu mkono ukiwa umefungwa shingoni. Hatukuwa na la kusema zaidi ya pole. Mjane ndiye aliyemuuliza, "Mwishoni alisema nini?" Akamweleza. Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hata nyumbani alikuwa hivyo. Jambo likiwa zito, alishika yeye." Akalia, nasi tukalia naye.

Tulipoaga alitusindikiza mpaka langoni. "Baba, Mama," akasema, "msiache kumshukuru Mungu kwa ajili ya huyu kijana. Ila mkishukuru, mtajeni na baba watoto wangu."

Ibada ilifanyika mwezi uliofuata. Jina la mwalimu lilisomwa kwanza, na mjane alikaa nasi kiti cha mbele pamoja na watoto wake. Hatukusema kwamba tuliomba vizuri kuliko wengine. Tulisema tumepewa mtoto mara ya pili, na kwamba Mungu alitumia mikono ya mtu ambaye hakurudi kwake. Kwa nini ikawa hivyo, hatujui hadi leo, na tumeacha kujifanya tunajua.

Mtoto wetu amerudi kuruka. Bado anatutumia lile neno lake moja. Tunapiga magoti kama zamani, ila sasa tunamwombea pia anayeketi kiti cha kulia, na wanaomngoja nyumbani.