Nyumba Kwanza, Bibi Arusi Baadaye

Kwa miaka saba niliishi Guangzhou, kusini mwa China, nikiwakusanyia wafanyabiashara wetu wa Dar es Salaam na Mombasa shehena zao na kusimamia upakiaji wa makontena. Kazi hiyo humfunza mtu bei za vitu vingi: viatu, vigae, taa, majokofu. Sikutarajia kwamba ingenifunza pia bei ya kuoa. Nayo niliijua kupitia kijana mmoja tuliyefanya naye kazi ghalani, mzaliwa wa kijiji kimoja cha jimbo la Jiangxi, mpole, asiyekunywa pombe wala kucheza kamari, ambaye tangu nilipofahamiana naye alikuwa na haja moja tu: kumwoa binti waliyesoma naye sekondari.

Mshahara wake ulikuwa yuan 6,000 kwa mwezi. Wazee wake walipokwenda kuposa, wazee wa binti walitaja yuan 288,000. Wachina huipenda tarakimu ya nane kwa kuwa matamshi yake yanakaribiana na neno la kutajirika, na hata mahari hupangwa ili nane ziwemo. Tulipiga hesabu pale pale juu ya boksi la viatu: miezi 48, endapo hatakula, hatalipa kodi ya chumba wala kupanda basi. Na hiyo ni caili peke yake, kama wanavyoziita wenyewe fedha zitokazo upande wa mume. Nyumba ilikuwa sharti jingine, tena lililotangulia.

Wazee wa Kichina hupenda kukumbusha kwamba mambo hayakuwa hivi. Katika zama za Mao, kijana wa mjini aliyetaka mke alitazamiwa kuwa na saa ya mkono, baiskeli na cherehani. Akiongeza redio, huyo alikuwa bwana hasa. Miaka ya 1980 zikaja televisheni ya rangi, jokofu na mashine ya kufulia. Mwaka 1998 serikali ikaacha kuwagawia watu nyumba kupitia mahali pao pa kazi, nyumba ikawa bidhaa ya sokoni, na orodha ikageuka kuwa nyumba na gari. Mwaka 2010, katika kipindi cha televisheni cha kutafuta wachumba kiitwacho Fei Cheng Wu Rao, msichana mmoja alisema kuwa ni heri alie ndani ya BMW kuliko kucheka juu ya baiskeli. Nchi nzima ilimlaani. Nilipofika mimi, miaka mingi baadaye, maneno yake yalikuwa yangali yanatajwa, na aghalabu waliomlaani kwa sauti kubwa zaidi walikuwa wanaume wasio na gari.

Nilikuwa mwepesi wa kusema, kama wasemavyo wengi wetu tuishio kule, kwamba tatizo ni tamaa ya wanawake. Kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyoona kuwa jibu hilo halitoshi. Kwa zaidi ya miaka 30, hadi mwisho wa 2015, wengi wa wazazi wa Kichina hawakuruhusiwa zaidi ya mtoto mmoja, na waliotaka wa kiume walihakikisha wanampata wa kiume. Mimba za mabinti zilitolewa kwa hesabu ambayo Mwenyezi Mungu pekee ndiye aijuaye. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa wanaume wanawazidi wanawake kwa zaidi ya milioni 34. Vijana wa vijijini wasiooa huitwa matawi makavu, yaani yasiyotoa chipukizi. Mwaka 2011 wachumi wawili, Shang-Jin Wei na Xiaobo Zhang, walichapisha utafiti wao ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la akiba za familia za Kichina ilitokana na wazazi wenye watoto wa kiume kujinyima ili wana wao washinde katika soko la ndoa. Babu zao waliogopa njaa. Hawa wanaogopa mtoto wao asipate mke.

Kuhusu nyumba pia ipo sababu ambayo mgeni haioni haraka. Katika miji mingi nafasi ya mtoto katika shule nzuri ya serikali hutegemea mahali ambapo wazazi wameandikishwa kuwa wakazi na mahali nyumba yao ilipo. Mama mkwe anayeuliza habari za nyumba anauliza pia mjukuu wake atasoma wapi. Ndiyo maana kianzio cha mkopo wa benki huchangwa na mifuko sita, kama wasemavyo, ya wazazi na ya mababu na mabibi, hata uzee wa watu kadhaa ukamalizikia katika vyumba vitatu ghorofa ya 18.

Kabla ya kufikia huko yapo matumizi madogo madogo ambayo mwenzangu aliyaandika katika daftari, si kwa ubahili bali kwa hofu. Chakula mkitoka, mwanamume ndiye mlipaji. Tarehe 20 Mei ni siku ya wapendanao kwa sababu tarakimu 520 zikitamkwa kwa Kichina hukaribia neno nakupenda. Basi hutumwa yuan 520 kwa simu, na mwenye uwezo hutuma 1,314, ambazo husikika kama maisha yote. Mwaka 2020 ukazuka mtindo wa kudaiwa yuan 52 za kikombe cha kwanza cha chai ya maziwa cha majira ya kupukutika majani. Nilicheka sana niliposikia hilo. Yeye hakucheka, tayari alikuwa ameshazituma.

Binti mwenyewe nilizungumza naye mara moja kwa kirefu, sote watatu tukila tambi katika mkahawa wa Waislamu wa Kihui mtaa wa Xiaobei. Nilimtarajia awe mtu wa madai. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo, vidole vimekomaa, na alizungumza kama mtu aliyekwisha kujijadili peke yake usiku mwingi.

“Kaka,” aliniambia, “nina mdogo wangu wa kiume. Ana miaka 24. Naye anatakiwa nyumba na caili. Baba na mama ni wakulima, watazitoa wapi?”

Hakuhitaji kumalizia. Yuan 288,000 zilikuwa zipite mikononi mwa wazazi wake zikaishie kwa wazazi wa msichana mwingine, ambao pengine nao wana mtoto wa kiume. Yeye alikuwa kituo tu njiani. Akaniuliza kwetu Waislamu inakuwaje. Nikamweleza kwamba mahari ni haki ya mke mwenyewe, yeye ndiye huitaja na yeye ndiye huipokea, na kwamba baba hana fungu ndani yake ila binti akimpa kwa radhi yake.

“Yote yake?”

“Yote.”

Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulipenda: je, huko kwenu watu hufanya hivyo kweli? Nikamwambia wapo wafanyao. Sikuweza kumficha kwamba wapo mabinti wetu wasiojua hata kiasi kilichotolewa kwa ajili yao, na kwamba wapo vijana wetu wanaochelewa kuoa kwa ajili ya ukumbi, magari ya kukodi na sare za sherehe, mambo ambayo hakuna sheria iliyoyadai. Mzee wa Kihui mwenye mkahawa, mtu wa Gansu, aliyekuwa akitusikiliza huku akikunja unga, alitikisa kichwa na kusema kuwa hata kijijini kwao, penye msikiti na imamu, bei inapanda. Majirani wakipandisha, nani atakubali binti yake aonekane wa bei ya chini?

Serikali nayo inajaribu. Sheria yao ya kiraia inakataza kutumia ndoa kujipatia mali, na tangu Februari 2024 Mahakama ya Juu ina kanuni mahususi za kuamua mashauri ya caili pale ndoa inapovunjika. Kanuni hizo zinasema wazi kuwa zawadi ndogo za sikukuu na matumizi ya kila siku ya wachumba hayahesabiwi kuwa caili. Nilimtumia mwenzangu habari hiyo. Akajibu kwamba basi chai za maziwa zimekwenda na maji.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa. Wazee walijadiliana majira mawili ya baridi, kiasi kikashuka hadi 188,000, na binti akawakalia wazazi wake kitako mpaka wakakubali kumrudishia 60,000 ziwe zake. Aliziweka katika akaunti yenye jina lake peke yake. Mumewe aliniambia jambo hilo kwa fahari ambayo sikuitazamia. Zilizobaki zilikwenda kwa shemeji yake, ambaye mpaka naondoka alikuwa bado hajapata mchumba, maana kwa upande wake wametaka na gari.

Nyumba walinunua katika mji wa wilaya yao kule Jiangxi, ghorofa ya 11, kwa mkopo wa miaka 30. Zikauzwa kama zinavyouzwa nyingi kule, yaani pagale la ndani: kuta za saruji tupu, hakuna sakafu, hakuna rangi, nyaya zinaning'inia. Hawajaishi humo hata mwezi mmoja, kwa kuwa mji ule hauna kazi ya kulipa mkopo. Wote wawili wangali Guangzhou, yeye ghalani, mkewe kiwandani, katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta. Mama yake kijana huenda kwa basi mara moja kwa mwezi, hufungua madirisha ya ile nyumba hewa ipite, hufagia vumbi la saruji, hukaa kidogo juu ya ndoo aliyoigeuza, kisha hufunga na kurudi shambani.