Mpwa Wangu na Samaki Asiye na Macho

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Methali hiyo niliwafundisha watoto wa watu mara nyingi nilipokuwa nikishika chaki, wala sikudhani kwamba siku moja itanigeukia mimi mwenyewe.

Wazazi wangu ni Wabajuni wa kisiwa cha Chula. Vita vilipozuka mwaka 1991 walikimbilia Mombasa, nami nikazaliwa ukimbizini. Huko nikasoma hata nikapata cheti cha ualimu. Tuliporejea nyumbani nilifundisha kwa muda, kisha nikaajiriwa serikalini hapa Kismayo, na kazi yangu hadi leo ni kuandika hesabu za samaki wanaoshushwa pwani.

Miaka minane iliyopita dada yangu alijifungua mtoto wa kiume kisiwani. Mtoto alilia vyema na kunyonya vyema, lakini kope zake hazikufunguka. Mkunga alipozifunua kwa kidole taratibu, hakukuta macho ndani yake. Mumewe, ambaye ni askari na pia ni mwana wa ami yetu, alikuwa lindoni, mbali na nyumbani.

Maneno hayakukawia. Wapo waliosema kwamba dada alipita ufukweni wakati wa magharibi akiwa na mimba, shetani wa bahari akampiga. Wengine walisema alimcheka kipofu. Wengine tena, jamaa zetu wenyewe, walimpelekea mume ujumbe kwamba atafute mke mwenye tumbo jema. Dada alinyamaza, akalea.

Mtoto alipofika umri wa miaka minne, dada alinijia akaniuliza, "Kaka, wewe ni mwalimu. Huyu mpwa wako anaweza kwenda shule?" Nami nikamjibu, "Atafundishwa nini, naye haoni?" Hakunijibu neno. Alimshika mtoto mkono wakaondoka. Ndugu msomaji, kati ya maneno yote aliyoambiwa dada yangu, nadhani hilo langu ndilo lililomchoma zaidi.

Baada ya miezi kadhaa, mwenzangu mmoja ofisini, ambaye hupenda kusoma habari za samaki, alinionyesha maandishi juu ya samaki wa nchi yetu ambaye sikupata kumsikia. Samaki huyo huishi katika maji yaliyo chini ya ardhi, katika sehemu kavu za Somalia ya kati. Hana magamba, hana rangi, na hana macho. Mtaalamu wa Kiitalia, Decio Vinciguerra, ndiye aliyemwandika mwaka 1924 na kumpa jina la kitaalamu, Phreatichthys andruzzii. Amekaa gizani kwa zaidi ya miaka milioni moja. Mwaka 2011 wataalamu wa Ujerumani na Italia walitangaza kwamba mwili wake haufuati tena mchana na usiku kama viumbe wengine; mwanga hauirekebishi saa yake ya ndani, bali chakula ndicho kinachoirekebisha.

Lakini habari iliyonishika ni ya mwaka 2015. Wataalamu walimchunguza samaki huyo angali mchanga kabisa, wakaona kwamba jicho lake huanza kujengwa kama la samaki yeyote. Kisha kazi hukwama katikati. Seli za jicho hushindwa kukomaa, zikafa, na ngozi ikafunika mahali pale. Basi kasoro haitoki nje. Amri ya kujenga jicho inaanza kusomwa, lakini haifiki mwisho.

Nikataka kujua amri hiyo imeandikwa wapi na inasomwaje. Hapo ndipo nilipokutana na samaki mwingine, mdogo kuliko dagaa wengi, mwenye milia mwilini, ambaye kwa sababu hiyo huitwa samaki pundamilia. Asili yake ni mito ya Bara Hindi, na maarufu aliyemleta katika maabara ni George Streisinger wa chuo kikuu cha Oregon, Marekani, ambaye kazi yake kubwa ilitangazwa mwaka 1981. Sababu ya kumchagua ni nyepesi. Yai lake hukua nje ya mama, nalo huangaza kama kioo. Mtu akiwa na hadubini huweza kumtazama kiumbe akijengwa tangu mwanzo bila kumpasua.

Mambo huenda hivi. Yapata dakika 45 baada ya yai kurutubishwa, seli moja hugawanyika ikawa mbili, mbili zikawa nne. Baada ya muda wa saa 12 hivi, pande mbili za ubongo wa mbele huvimba kama vifuko viwili. Vifuko hivyo ndivyo vitakavyokuwa macho. Baada ya saa 24, ubongo umekwisha jigawa katika sehemu za mbele, kati na nyuma, na moyo unapiga. Siku ya tano mtoto wa samaki anaona na anawinda chakula chake.

Naomba tusimame hapo kidogo. Jicho halipachikwi usoni kama kito katika pete. Jicho ni sehemu ya ubongo iliyotoka nje ili itazame dunia. Ndivyo ilivyo kwa samaki, na ndivyo ilivyo kwa binadamu. Kwetu sisi, dalili ya kwanza ya macho huonekana wiki ya nne tangu mimba kutunga, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kama wamebeba mimba. Aliyekwenda ufukweni magharibi katika mwezi wa sita alikwenda kazi ikiwa imekwisha fanyika zamani.

Amri zenyewe zimeandikwa katika jeni, yaani chembe za urithi. Mwaka 2013 maandishi yote ya samaki pundamilia yalitangazwa, ikaonekana kwamba kwa kila jeni 10 za binadamu, zipatazo 7 zina mwenzake katika samaki huyo. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba kosa katika jeni moja humfanya azaliwe bila macho, na mwaka uliofuata jeni ya namna hiyo hiyo ilipatikana na kosa kwa binadamu aliyezaliwa na upungufu wa macho. Daktari wa Mombasa aliyemwona mpwa wangu hakumpima jeni, hivyo siwezi kuitaja iliyokosea kwake. Alichosema ni kwamba macho hayakujengeka tumboni, na kwamba mama hana kosa.

Akaeleza jambo jingine, ambalo naliandika kwa ajili ya nyumba zetu. Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Katika maradhi mengi ya urithi, nakala moja ikiwa na kosa, nyingine huifunika, na mtu huishi mzima bila kujua. Lakini mume na mke wakiwa wote wamebeba kosa lile lile, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kurithi nakala mbili mbovu. Mtu na binamu yake wana babu na bibi wale wale, kwa hiyo ni rahisi zaidi wakabeba kosa moja. Sisemi watu wasioane. Nasema kwamba katika maradhi ya namna hiyo, lawama ya mke peke yake haina msingi, kwa kuwa nusu ya maandishi ni ya mume.

Shemeji alipokuja likizo, nilimketisha barazani nikamweleza haya yote, samaki kwa samaki. Alisikiliza kimya kama askari apokeaye taarifa. Mwisho akaniuliza, "Na ubongo wake je? Nao umekwama?" Nikamwambia amwite mtoto. Mtoto akaja akipapasa ukuta, akaketi, akatusomea sura fupi saba za Kurani alizozishika kwa masikio tu, huku mama yake akifanya kazi jikoni. Shemeji aliinamisha kichwa. Nami nikainamisha changu, maana mimi ndiye niliyeuliza atafundishwa nini.

Hakuoa mke mwingine. Mwaka uliofuata alimpeleka mwanawe mwenyewe hadi shule ya wasioona ya Likoni, Mombasa. Sasa mtoto anasoma maandishi ya nukta nundu kwa ncha za vidole, na akija likizo hunisahihisha hesabu zangu za kichwa. Dada yangu nilimwomba radhi mbele ya mama yetu. Alisema yamekwisha, lakini najua kwamba miezi ile haikumrudia.

Wazazi wenzangu, hasa ninyi mlioko lindoni na kambini, mkipata habari kwamba nyumbani amezaliwa mtoto mwenye kasoro, msiamini salamu za mitaani. Mpelekeni mtoto na mama yake kwa daktari, kisha muulize shule iko wapi. Na mama anayetarajia kubeba mimba aulize zahanati juu ya vidonge vya asidi ya foliki, miligramu 0.4 kwa siku, tangu kabla ya mimba hadi mwezi wa tatu. Havitamzuilia mtoto kasoro kama ya mpwa wangu, ila hupunguza sana kasoro za ubongo na uti wa mgongo, ambao nao hujengwa katika wiki zile zile za mwanzo.

Samaki yule wa chini ya ardhi hana macho, naye anatafuta chakula chake na kuzaa. Sisi tulio na macho tulimwona mtoto miaka minne, tusimtambue.