Siku ya Kazi Isiyo na Jioni

Kazi yako humalizika saa ngapi? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mwalimu alifunga daftari la maandalio, karani akafunga kabati, na kazi ikalala ofisini. Siku hizi inakufuata hadi chumbani, imo ndani ya simu uliyoinunua na kuitilia data kwa fedha zako mwenyewe.

Katika shule nyingi hapa Uganda, kundi la WhatsApp la walimu limekuwa ofisi ya pili. Ratiba ya mitihani hutumwa saa nne usiku. Alama huhitajiwa Jumapili, watu wakiwa ibadani, na vile vijitiki viwili vya buluu humshtaki kila aliyesoma akanyamaza. Mwalimu huyohuyo ameshinda mchana kutwa mbele ya kompyuta akijaza ripoti.

Wataalamu wa macho hushauri kwamba kila baada ya dakika 20 tutazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, kwa sababu anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache, nayo hukauka. Ni ushauri mwema, nami naufuata. Lakini uchovu ninaouzungumzia ni wa mtu asiyejua kama amemaliza kazi, na huo hautibiwi kwa kutazama dirishani.

Tunauchukulia kuwa udhaifu wa mtu binafsi, ilhali ni suala la haki. Ibara ya 40 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inalitaka Bunge litunge sheria za kumhakikishia kila mfanyakazi mapumziko na saa za kazi zinazofaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ikaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa juma. Je, ujumbe wa saa nne usiku unahesabiwa wapi? Ufaransa imelijibu swali hilo tangu Januari 2017: kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinapaswa kujadiliana nao kuhusu haki ya kujitenga na vifaa vya kazi. Kwa jirani zetu wa Kenya, Seneta Samson Cherargei aliwasilisha mswada wa namna hiyo mwaka 2022.

Wapo wasemao kwamba mwalimu mwema hupatikana wakati wote. Sikubaliani nao. Anayeumia zaidi ni yule kijana ambaye bado hajaingia katika orodha ya mishahara ya serikali. Anaogopa hata kuizima simu.

Tusilingoje Bunge. Mkutano wa kwanza wa walimu katika muhula huwa na ajenda ya mengineyo. Pendekeza hapo kwamba ujumbe wa baada ya saa kumi na mbili jioni usubiri asubuhi, na la dharura, kama mwanafunzi kuugua bwenini, lipigiwe simu. Kisha mwombe katibu aliandike katika kumbukumbu za kikao.