Udhamini Wangu Uko Wapi?

Mwaka 1996, nilipoajiriwa na chama cha akiba na mikopo cha walimu hapa Machakos, nilikuta kompyuta moja, printa yenye kelele na kabati tatu za kadi za leja. Kila mwanachama alikuwa na kadi yake: mbele hisa, akiba na salio la mkopo, nyuma majina na sahihi za waliomdhamini. Kazi yangu ilikuwa kuziingiza kadi hizo kwenye hifadhidata na kila jioni kutoa nakala kwenye tepu. Tepu yenyewe ililala kwenye droo ya meza ileile iliyobeba kompyuta. Ndivyo ilivyokuwa katika kila ofisi niliyoijua wakati huo.

Kisha ikaja tarehe 7 Agosti 1998. Bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu zaidi ya 200, likaliporomosha jengo la Ufundi, na Jengo la Ushirika, makao makuu ya Benki ya Ushirika, likaharibika kiasi cha kutokalika kwa miaka. Vyama vingi vya ushirika vilikuwa na akaunti katika benki hiyo, na baadhi yetu tulikuwa na watu wetu mle ndani. Baada ya mazishi kamati yetu ilikaa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa tena kwa nini nakala haifai kulala chumba kimoja na asili yake. Kuanzia hapo tepu ya Ijumaa ilikwenda kwenye sefu ya benki mtaa wa pili, ndani ya mkoba wa mhasibu, na tepu ya mwisho wa mwezi ikapanda matatu hadi Nairobi.

Kwa miaka kadhaa mpango huo ulitosha. Pesa ziliingia mara moja kwa mwezi, makato ya mishahara kutoka kwa mwajiri, na siku moja ikipotea karani angekaa na vocha zake akaiandika upya. Machi 2007 Safaricom ikaanzisha M-Pesa, na baada ya muda chama nacho kikaunganishwa. Mwalimu aliyeko Masinga akawa anaweka akiba saa nne usiku. Wa Mwala analipa mkopo alfajiri kabla ya gwaride. Siku ikakosa mwisho. Kati ya nakala ya jana jioni na ya leo sasa kulikuwa na pesa nyingi za watu, zisizokuwa na vocha wala karani.

Nikaiandikia bodi kuomba seva ya pili. Niliwauliza mambo mawili: mko tayari kupoteza saa ngapi za miamala, na wanachama wasubiri saa ngapi kabla huduma kurudi? Hayo fundi hawezi kujijibia. Yeye hutaja bei tu. Mwenye mali ndiye huamua. Mjumbe mmoja akasema tusipoteze hata dakika, nikamwonyesha gharama yake, akanyamaza. Aliyezungumza baadaye alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama aliyependa kuandika kila kitu kwenye daftari lake.

"Mwanangu," akaniambia, "pesa za M-Pesa zikipotea hapa, Safaricom wana rekodi. Makato yako kwa mwajiri. Lakini mimi juzi nimemdhamini kijana wa shule yetu. Udhamini wangu uko wapi?"

"Uko kwenye seva yetu, Mwalimu."

"Na kwingine?"

"Hakuna kwingine."

Swali hilo ndilo lililoongoza kazi yangu iliyosalia. Mwanachama akidhamini mkopo, sehemu ya akiba yake hufungwa mpaka mkopo uishe. Rekodi hiyo ikitoweka, anaweza kutoa akiba yake yote kesho, na mkopo ukabaki bila mgongo. Baya zaidi, mkopaji akikwama, walimu wawili wanaokaa chumba kimoja cha walimu wataanza kubishana nani aliahidi nini, na chama hakina cha kuonyesha. Vivyo hivyo majina ya warithi: mwenye kuyaandika akishafariki, hakuna wa kuulizwa. Tangu hapo sikuhesabu tena data kwa ukubwa. Nilizipanga kwa kuuliza nani mwingine duniani anazo. Za M-Pesa, za benki na za makato zinaweza kukusanywa upya, hata kwa taabu. Za wadhamini na warithi hazina pacha popote, kwa hiyo zinatangulia. Kumbukumbu za miamala zikawa zinasafirishwa kila baada ya dakika chache hadi mashine iliyo jengo lingine, nakala kamili ikatolewa kila usiku, na orodha ya udhamini wa siku ikachapishwa kwenye karatasi na kutiwa sahihi na watu wawili. Vijana waliniona wa zamani kwa kung'ang'ania karatasi. Bado naitetea karatasi hiyo.

Watu wengi huogopa stima kupotea kuliko hatari nyingine yoyote. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alianguka kwenye transfoma ya kituo cha Gitaru, mto Tana, na nchi nzima ikaingia gizani. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi, likafika hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Lakini hifadhidata nzuri huandika kila muamala kwenye kumbukumbu kabla ya kugusa majedwali; stima ikirudi husoma kumbukumbu hiyo, hukamilisha yaliyothibitishwa na kufuta yaliyokatika njiani. Kilichonitisha zaidi ni amri moja ya kufuta. Seva pacha huinakili amri hiyo kwa uaminifu uleule inaonakili akiba ya mwanachama, na baada ya sekunde chache pande zote mbili ni tupu. Pacha hulinda dhidi ya mashine kufa. Dhidi ya mkono wa binadamu na virusi, unahitaji nakala ya jana isiyoguswa na mtu.

Tena iwe imechomolewa. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilifuta karibu seva zote za utambulisho za kampuni ya meli ya Maersk duniani. Iliyosalia ilikuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ilikuwa imezimika. Nilipowasomea bodi habari hiyo, diski ya nakala, inayokaa bila waya wowote, iliidhinishwa siku hiyohiyo.

Januari ya mwaka huohuo, GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilifuta hifadhidata yake kwa bahati mbaya. Nakala za kila siku zilikuwa hazitoki kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa toleo tofauti na la hifadhidata, na barua za tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Iliyowaokoa ni nakala ambayo mfanyakazi aliitoa kwa mkono saa sita kabla.

Ndiyo maana kila robo mwaka, Jumamosi ofisi ikishafungwa, tunafanya zoezi. Tunachukua mashine kuukuu kutoka stoo, tunaifuta kabisa, na karani ambaye hakuiandaa nakala anapewa maelezo yaliyochapishwa na diski. Mimi nakaa kando bila kusema. Saa huanza kuhesabiwa. Data ikirudi, tunachapa urari na kuulinganisha na ule uliofungwa usiku wa nakala. Deni na stahili lazima zilingane hadi senti. Halafu tunachagua wanachama wachache, tunafungua ukurasa wa wadhamini na kuuweka kando ya karatasi ya siku ile, jina kwa jina, kiasi kwa kiasi. Karani akikwama kwenye mstari fulani wa maelezo, mstari huo huandikwa upya hapohapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi data za watu aweze kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali, na sijui njia nyingine ya kuthibitisha hilo.

Nakaribia kustaafu. Mwanachama unayesoma haya, chama chako kiwe cha walimu, cha wakulima wa kahawa au cha matatu, mkutano mkuu ujao ukifika kwenye mengineyo, simama uulize: ni lini data ilirejeshwa mara ya mwisho kutoka kwenye nakala, ilichukua saa ngapi, na rekodi za wadhamini na warithi ziko wapi zaidi ya hapa ofisini? Kisha hakikisha katibu ameyaandika majibu kwenye kumbukumbu za mkutano.