Roketi Tuliyoiunda Nyumbani

Tuwaambiapo wenzetu kwamba tumeunda roketi ndani ya nyumba, wengi hutudhania kuwa tumecheza fataki. Sivyo kabisa. Roketi tunayoitaja hapa ni mfano mdogo wa roketi ya kweli, uliopimwa kiungo kwa kiungo, wenye hatua mbili kama asili yake, tena uliotengenezwa kwa karatasi, gundi na ubao mwepesi. Wala hatukununua sanduku lenye vipande vilivyokwisha kukatwa na mwenye kiwanda. Kazi hiyo ilituchukua miezi mingi ya mwaka 2022, hapa Ohio, Marekani, tulipohamia kutoka Mombasa.

Asili tuliyoichagua yaitwa Nike-Cajun. Ilikuwa roketi ya kupima hewa ya juu: hupanda, hupima, kisha huanguka, haiendi kuizunguka dunia. Nike, iliyo chini, ilibuniwa kwanza iwe msukumo wa kombora la kutungulia ndege. Juu yake ikawekwa Cajun, nyembamba mithili ya mkuki. Zote mbili pamoja zilipata urefu wa kama mita 7.7. Tarehe 7 Juni 1962 Pakistan ilirusha roketi ya namna hii kutoka Sonmiani, pwani ya Baluchistan, ikaipa jina la Rehbar, yaani mwongoza njia, nayo ikafika juu kiasi cha kilomita 130. Hiyo ndiyo sababu ya kuipenda kwetu. Ndugu zetu wa Malindi wana habari yao wenyewe, kwani kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu nao, roketi ya Scout yenye hatua nne ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 ikiwa imechukua chombo kilichoitwa Uhuru. Lakini hatua nne si kazi ya mwanafunzi.

Mwanafunzi mwenyewe ni mpwa wetu. Alitujia akiwa na umri wa miaka 13, baada ya mama yake, dada yetu, kufariki dunia huko Mombasa. Marehemu alikuwa fundi wa kushona, na katika mzigo wa kijana tuliukuta utepe wake wa kupimia, umeviringwa na kutiwa ndani ya soksi. Mtoto huyu alikuwa akijibu alipoulizwa, basi. Hakulia mbele yetu, wala hakumtaja mama yake. Walimu walimsifu kwa utulivu, nasi tuliuogopa utulivu huo.

Usiku mmoja tuliona katika daftari lake hesabu za kuchanganya baruti. Hatukupaza sauti. Tulimwita mezani tukamweleza habari ambayo twaona kila mzazi mwenye mtoto mpenda roketi yampasa aijue. Baada ya chombo cha kwanza cha Urusi kurushwa tarehe 4 Oktoba 1957, vijana wa Marekani walishikwa na hamu kubwa, wakaanza kuchanganya dawa katika vyumba vya chini na mabanda ya magari. Wako waliopoteza vidole, wako waliopoteza macho, na wako waliopoteza roho. Aliyekuwa amekwisha kupata njia iliyo salama ni mwenye duka la viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, Orville Carlisle. Tangu mwaka 1954 alikuwa akitengeneza roketi za karatasi zenye injini ndogo iliyofungwa tayari, ya kutumika mara moja na kutupwa, hata mtoto asiiguse baruti kamwe. G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika uwanja wa makombora wa White Sands, akaieneza njia hiyo.

"Basi, Mjomba, tukinunua injini tutakuwa hatukuiunda sisi," akasema.

Tukamjibu: "Mwanangu, seremala hapandi mti. Wewe ni amana kwetu. Kila kitu tutakiunda kwa mikono yetu, ila moto tutaununua."

Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alituletea ule utepe wa mama yake, akauliza kama tungeweza kupima kwa inchi. Twaweza, tena ndivyo vizuri zaidi, kwani tulikuta kwamba tukiweka inchi moja kwa kila futi moja, yaani sehemu moja ya kumi na mbili, Cajun yenye upana wa inchi 6.5 inakuwa na milimita 13.8 hivi, na injini ndogo zinazouzwa zina upana wa milimita 13. Injini inaingia ndani ya mwanzi wake bila ya nafasi kupotea. Nike nayo ikawa na milimita 35, na roketi nzima ikapata sentimita 64.

Mianzi yenyewe tuliifanya kwa kuzungusha ukanda wa karatasi, uliopakwa gundi, juu ya bomba lililofunikwa karatasi ya nta ili lisigande. Pua tuliikereza kwa keekee ya umeme: kipande cha mti hufungwa, huzungushwa, na msasa hufanya yaliyobaki. Mapezi ni ya ubao wa balsa, na nyuzi za ubao lazima zifuate ukingo wa mbele wa pezi. Zikienda kinyume, pezi huvunjika kama biskuti. Meza ya kulia ilijaa vumbi, na ahli yetu akatuhamishia varandani, jambo ambalo kwa haki alichelewa kulifanya.

Shida ya roketi ya hatua mbili ni jinsi moto unavyopokezana. Injini ya chini tuliyoitumia ina alama C6-0. Herufi yaonyesha jumla ya nguvu, ya pili ni wastani wa msukumo, na sifuri ya mwisho yaonyesha kwamba hakuna kungoja: baruti ikifika mwisho wake wa juu hupasuka, na cheche zake hurukia tundu la injini iliyo juu. Injini mbili zikigusana, mambo ni mepesi. Lakini Nike ni ndefu, na baina ya injini zetu palikuwa na nafasi ya sentimita 21 hivi. Hewa iliyofungiwa humo hubanwa, ikazisukuma hatua mbili zikaachana kabla ya cheche kufika. Dawa yake ni kutoboa matundu madogo karibu na kilele cha hatua ya chini, hewa ikatoka na moto ukapita.

Hapo kijana alitupinga. Alikuwa amesoma kwamba katika roketi ya kweli Nike huwaka sekunde tatu na kitu tu, kisha huachwa nyuma kwa kuwa ni nene na hewa yaizuia, na Cajun hungoja kwanza ndipo iwake. "Mjomba, yetu haingoji." Alisema kweli. Lakini mfano mdogo ukingoja huinama, na injini ikiwaka roketi imeinama, huruka kuelekea watu. Katika hili tuliacha kuifuata asili, nasi twaona hapana aibu.

Kisha kuna mizani. Kituo cha uzani lazima kiwe mbele ya kituo ambapo shinikizo la hewa hukusanyika, angalau kwa kiasi cha upana mmoja wa roketi. James Barrowman, mhandisi wa NASA, ndiye aliyewapa waundaji wadogo hesabu zake mwaka 1966. Kwa roketi yetu hesabu hufanywa mara mbili, maana hatua mbili zikiwa pamoja ni chombo kimoja, na ile ya juu peke yake ni chombo kingine. Kijana alizifanya zote kwa kalamu, akatia gramu chache za udongo wa kuchezea ndani ya pua, kisha tukaifunga uzi tukaizungusha uwanjani mpaka pua ikatangulia kila mara. Siku hiyo tulimsikia akicheka.

Mwezi wa Oktoba tulikwenda kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, pamoja na watu wengine wapendao kazi hii. Roketi ilisimamishwa kwenye ufito wa chuma, nyaya zikaunganishwa, tukarudi nyuma. Kijana akasema bismillahi, akabonyeza. Nike iliipandisha kwa mlio mkali. Kisha, pale juu, tukaona moshi wa pili. Moto ulikuwa umepita. Nike ikaanguka ikibingirika, nyepesi, isidhuru kitu. Cajun tuliifuata kwa macho hadi jua likatushinda. Upepo uliuchukua utepe wake mwekundu wa kushukia ukaupeleka upande wa mahindi yaliyokuwa hayajavunwa.

Tuliitafuta mpaka karibu na magharibi. Tulipokuwa baina ya safu za mahindi, kijana akaanza kusema bila ya kuulizwa: kwamba mama yake alikuwa akipoteza sindano kila siku, na kila siku yeye alikuwa akitumwa kuzitafuta sakafuni kwa sumaku, na kwamba hakuna aliyezipata kama yeye. Aliendelea kusema hivyo mpaka garini, na njia nzima.

Cajun haikupatikana. Nike iko varandani, imeingia weusi wa moshi kwa ndani, na matundu yake manne yameungua kingo. Mwanzi wa Cajun ya pili umekwisha kukauka. Kijana ataka pua yake iwe ya mti mgumu zaidi, nasi twamwambia uzani utaongezeka, na shauri hilo bado halijakatika.