Kura ya Kitongoji ni Amana

Wako watu wengi wanaodhani ya kuwa uongozi ni jambo la Dodoma na Dar es Salaam tu, na kwamba sisi tulioko mbali kazi yetu ni kusikiliza redio. Lakini hapa Magomeni, katika mji wetu wa Kilosa, mtu agusaye maisha ya nyumba zetu mara nyingi kuliko waziri ye yote ni mwenyekiti wa kitongoji. Ukihitaji barua ya utambulisho, utabisha hodi kwake. Mwanao akihitaji mdhamini, utaulizwa barua yake. Ukiuza kiwanja, yeye hushuhudia. Majirani wakigombania mpaka, yeye huitwa kwanza kabla ya mahakama. Basi yafaa tujiulize: mtu wa namna hii twamchagua kwa mizani gani?

Kiongozi huyu huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Mara ya mwisho ilikuwa tarehe 27 Novemba 2024, katika vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000 vya Tanzania Bara. Hivyo zamu nyingine yatarajiwa mwaka 2029. Kampeni za mwaka 2024 zilikuwa siku saba tu, lakini kampeni ya barazani haina kalenda. Tayari twasikia watu wakinong'onezana nani atasimama, ni wa ukoo gani, na huswali msikiti upi. Kwa sababu hiyo twaona ni heri kusema mapema, kabla vichwa havijapata moto.

Haki hii hatukuizaliwa nayo. Katika uchaguzi wa mwaka 1958, Kilosa ilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki, na humo Mwalimu Nyerere alishindana na Patrick Kunambi wa Uluguru. Waliopiga kura katika jimbo zima walikuwa elfu chache tu, kwa kuwa mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo. Tena kila mmoja alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mkulima wa jembe la mkono na manamba wa mashamba ya mkonge walibaki nje wakitazama. Hata baada ya Uhuru, halmashauri zetu ziliondolewa mwaka 1972, zikarudi katika miaka ya themanini kwa sheria za mwaka 1982. Kwa hiyo kura ya serikali za mitaa ilipatikana, ikapotea, ikapatikana tena. Kitu kilichokwisha kupotea mara moja hakifai kuchezewa.

Hata hivyo, katika nyumba yetu wamo vijana wawili ambao mwaka 2029 watapiga kura kwa mara ya kwanza, na mmoja wao alitukabili kwa swali baada ya sala ya Isha. Alisema, "Baba, samahani, lakini mwaka 2019 vyama vya upinzani vilijitoa vikisema wagombea wao wameenguliwa. Mwaka 2024 malalamiko yakawa yale yale. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, damu ilimwagika. Sasa watuambia tukajiandikishe ili iwe nini?"

Hatukumkemea. Kijana asemaye kweli kwa adabu hakemewi. Msiba wa Oktoba 2025 uliingia katika nyumba nyingi za nchi hii, nasi hatuna neno jepesi la kuufuta, wala hatudhani ya kuwa mzazi ampendaye mwanawe atamjibu kwa wimbo wa chama. Tulimjibu kwa jambo alilokuwa mdogo mno kulikumbuka.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, mto Mkondoa ulifurika ukaingia mjini. Nyumba zilianguka, reli kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa, na maelfu ya watu wakahamia kambini. Siku zile tuliona kwa macho yetu namna mbili za watu. Mmoja aliyepewa kazi ya kuandika majina ya waliofikwa aliwatanguliza jamaa zake, na wajane wawili wa jirani yetu wakakosa blanketi. Mwingine, mwalimu wa kike asiye na cheo cho chote, alipita hema kwa hema akihesabu watoto na wagonjwa, akaisoma hesabu yake mbele ya watu wote. Wajane wale walipata haki yao kwa orodha yake. Tulimwambia kijana wetu: mafuriko yatakapokuja tena, kalamu itakuwa mkononi mwa mtu fulani. Ukikaa nyumbani siku ya kura, kalamu haitakosa mwenyewe; itashikwa na mtu aliyechaguliwa na wengine.

Na hapa ndipo jambo lilipotugusa sisi wenyewe. Mwalimu yule sasa amestaafu, na majirani wanamwomba asimame mwaka 2029. Yeye ni Mkristo. Mwana wa dada yetu naye ametangaza nia. Alifika kwetu, akaamkia, "Shikamoo, mjomba," kisha akasema, "Kura za nyumba hii najua ni zangu. Damu nzito kuliko maji, tena mimi ni Mwislamu mwenzenu."

Tulimjibu kwa upole: "Marahaba, mwanetu. Chakula cha nyumba hii ni chako, na dua zetu ni zako. Ama kura si mali yetu hata tukupe zawadi. Tuonyeshe kazi yako kama watu wote, nasi tutaipima." Aliondoka kimya, na tangu siku ile dada yetu hajatia mguu nyumbani kwetu. Jambo hili latuumiza, wala hatujifanyi kuwa halituumizi. Lakini tungefanyaje? Katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, twaamrishwa kuzifikisha amana kwa wanaostahiki. Na katika aya ya 135 ya sura hiyo hiyo twaamrishwa kusimama na ushahidi wa haki, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kumchagua mtu ni kushuhudia kwamba anafaa. Ashuhudiaye kinyume cha alichokiona kwa macho yake atajibu nini siku ya hesabu?

Ama kuhusu dini ya mwalimu yule, na tukumbuke Hijra ya kwanza. Masahaba walipoteswa Makka, Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwaelekeza Habasha, nchi ya jirani zetu hapa Afrika, kwa kuwa mfalme wake alikuwa hadhulumu watu. Mfalme huyo wakati ule alikuwa Mkristo. Kilichotazamwa ni uadilifu wake. Mwana wa dada yetu akionyesha uadilifu mkubwa zaidi, tutampa kura kwa furaha; lakini ukoo peke yake hautoshi, wala kanzu peke yake haitoshi.

Liko na jambo la sukari, khanga na noti ya elfu tano. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu kile kilichoitwa takrima, na Mahakama Kuu ikaitupa mwaka 2006 kwa kuwa yavunja Katiba. Neno takrima lina asili njema ya ukarimu, lakini ukarimu hauji msimu wa kura tu. Sukari ya kilo moja huisha kwa juma moja, na uongozi mbaya hudumu miaka mitano.

Basi twawasihi vijana wa Magomeni na wa kwingineko mambo matatu. Kwanza, mjiandikishe. Mwaka 2024 daftari la uchaguzi wa vitongoji liliandikwa kwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, nalo lilikuwa mbali na Daftari la Kudumu. Wengi waliokuwa na kadi walidhani yatosha. Pili, mchague kwa mnayoyajua ninyi wenyewe, si kwa mliyopewa. Tatu, baada ya kura msilale: fikeni mikutanoni, ulizeni mapato na matumizi, tena kwa adabu. Na mkiona haki imepindwa, semeni kwa ulimi na kwa kalamu, wala mkono usiinuke.

Nasi tumekusudia Ijumaa ijayo kwenda kwa dada yetu, tukiwa na vijana wetu, kumjulia hali. Kura tutabaki nayo, undugu hatutauacha. Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye kumcha, na atupe sisi macho ya kuwatambua. Amin.