Ploti Huuzwa Mara Moja

Wasee, Cucamonga kule California ilikuwa mchanga mtupu. Mhamiaji kutoka Italia, Secondo Guasti, akaanzisha kampuni ya mvinyo mwaka 1900, akapanda mizabibu karibu ekari 5,000. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji ikatanuka, ploti ikalipa kuliko zabibu. Leo ni maghala ya mizigo, uwanja wa ndege hapo kando.

Huku Kiambu, maanko wanapigia kahawa ya shosho hesabu hiyo hiyo. Siwalaumu, karo ni karo. Lakini kahawa huchumwa kila mwaka. Ploti huuzwa mara moja. Mimi niliacha chuo, na shamba hilo ndilo linanilisha. Mkiniuliza, tusiuze. Kwenu mlishauza? Pesa ilifanya nini?